Himoglobini: Protini Iliyosomwa kwa Damu ya Afrika Mashariki

Mwaka 1949, kijana aliyekulia shambani karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, alirudi nyumbani kutoka Oxford alikokuwa akisoma. Aliitwa Anthony Allison. Chuo chake kilikuwa kimeandaa msafara wa kwenda Mlima Kenya, na wenzake walikuja kukusanya mimea na wadudu. Yeye alikuja kukusanya damu. Alizunguka kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, akapanda nyanda za juu, akashuka kwenye nyika za wafugaji, na kila alikopita aliomba matone machache ya damu akayapima.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, mkemia Linus Pauling na wenzake watatu wa California walichapisha katika jarida la Science jambo ambalo hakuna daktari aliyewahi kulithibitisha: kwamba maradhi yanaweza kutokana na kasoro iliyomo ndani ya molekuli ya protini. James Neel wa Chuo Kikuu cha Michigan, na E. A. Beet, daktari wa serikali ya kikoloni huko Rhodesia, nao walionyesha mwaka huo jinsi kasoro hiyo inavyotoka kwa wazazi ikaingia kwa mtoto.

Protini waliyoishughulikia wote ni himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake. Maradhi yenyewe ni seli mundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Sehemu kubwa ya elimu ya leo kuhusu umbo la protini na kazi yake ilipatikana kwanza kwenye himoglobini, na mara nyingi damu iliyokuwa mezani ilikuwa ya Mwafrika, au ya mtu ambaye mababu zake walichukuliwa Afrika kwa nguvu. Historia hii hufundishwa kwa kutaja Cambridge na California. Inastahili kusimuliwa pia kwa kutaja Gilgil, Bwamba, Kilifi na Muhimbili.

Protini ndizo zinazofanya kazi nyingi za mwili. Humeng'enya chakula, hukaza misuli, hupambana na vijidudu, hubeba mizigo ndani ya damu. Kila moja huanza kama mnyororo wa asidi amino, mfano wa shanga zilizotungwa kwenye uzi. Aina za asidi hizo ni 20, na jeni ndiyo inayoamua ipi itangulie na ipi ifuate. Zipo zinazopenda maji na zipo zinazoyakimbia. Zipo zenye chaji ya umeme na zipo zisizo nayo. Kwa kuwa ndani ya seli kumejaa maji, zile zinazoyakimbia hujificha katikati, zile zinazoyapenda hubaki nje, na mnyororo hujikunja wenyewe hadi upate umbo lake. Umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake. Likiharibika, kazi nayo huharibika.

Himoglobini ina minyororo 4. Miwili huitwa alfa, kila mmoja una asidi amino 141. Miwili huitwa beta, kila mmoja una 146. Jumla ni 574. Kila mnyororo umekumbatia kiini kidogo chenye atomu moja ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachonasa oksijeni mapafuni na kuiachia kwenye misuli, moyo na ubongo. Chembe moja nyekundu ya damu hubeba himoglobini zipatazo milioni 270.

Mtu wa kwanza ambaye damu yake ilifungua mlango huu hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mgonjwa. Walter Clement Noel alitoka kisiwa cha Grenada mwaka 1904 kwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Mwezi Desemba mwaka huo alilazwa Hospitali ya Presbyterian akiwa na kikohozi na homa. Daktari mwanafunzi Ernest Irons aliweka damu yake chini ya hadubini, na badala ya chembe za duara alizozizoea, akaona nyingine nyembamba, ndefu, zilizopinda. Alizichora. Bosi wake, James Herrick, alimfuatilia Noel kwa muda, kisha mwaka 1910 akachapisha maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu katika majarida ya tiba ya Magharibi. Jina la mgonjwa halikuandikwa. Lilikuja kujulikana miongo mingi baadaye. Noel alimaliza masomo yake, akarudi Grenada, akafungua kliniki ya meno mjini St. George's, na akafariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 32.

Ugonjwa haukuanza siku Herrick alipouandika. Barani Afrika watu walikuwa wakizika watoto waliouawa nao kwa maelfu ya miaka. Mtoto anavimba vidole vya mikono na miguu, macho yanageuka manjano, mifupa inauma usiku kucha, kisha siku moja homa inamchukua. Familia moja inapoteza watoto wawili au watatu kwa namna ileile, na kwa kuwa wazazi wenyewe ni wazima wa afya, lawama nyingi ziliangukia uchawi na laana. Chanzo cha maumivu hayo kilikuwa kidogo mno kuonekana kwa jicho, na hata kwa hadubini.

Mwaka 1922 daktari wa Marekani, Verne Mason, aliupa ugonjwa jina lake kutokana na chembe hizo zenye umbo la mundu. Mwaka 1927 watafiti Hahn na Gillespie walionyesha kwamba chembe hizo hupinda oksijeni inapopungua, na hurudi katika umbo lake inapoongezeka. Hapo ndipo palipokuwa na ufunguo wa jambo lote, ingawa ulikaa karibu miaka 20 bila mtu wa kuutumia.

Aliyeutumia ni Pauling. Mwaka 1945, katika mazungumzo na daktari William Castle wa Harvard, alisikia kwamba chembe za wagonjwa hao hupinda kwenye mishipa inayorudisha damu iliyoishiwa oksijeni, si kwenye ile inayoipeleka. Pauling alikuwa ameichunguza himoglobini tangu miaka ya 1930. Akaona kwamba kama oksijeni ndiyo inayoamua chembe ipinde au isipinde, basi kosa halimo kwenye ngozi ya chembe. Limo kwenye protini inayobeba oksijeni hiyo.

Kazi ya kuthibitisha alipewa Harvey Itano, kijana aliyekuwa ameongoza darasa lake Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1942, lakini hakuweza kuhudhuria mahafali yake kwa sababu alikuwa amefungiwa kambini pamoja na Wamarekani wengine wenye asili ya Japani. Itano na Jonathan Singer waliitia himoglobini kwenye chombo cha kutenganisha molekuli kwa umeme. Ile ya watu wazima wa afya ilikwenda kwa mwendo mmoja, ya wagonjwa ikaenda kwa mwendo mwingine. Na ya wazazi, wale wasiougua lakini wenye watoto wagonjwa, ilikuwa mchanganyiko wa zote mbili. Mgonjwa amerithi jeni mbili zenye kasoro, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye jeni moja huishi maisha yake bila kujua kwamba anayo.

Jibu hilo lilizaa swali gumu zaidi, na swali hilo lilihusu Afrika Mashariki.

Kama jeni hii huua watoto kabla hawajafikia umri wa kuzaa, ilipasa ipungue kizazi baada ya kizazi hadi iishe. Haikuisha. Mwaka huohuo 1949, Hermann Lehmann, daktari mzaliwa wa Ujerumani, pamoja na Alan Raper walichapisha upimaji wao wa damu za makabila ya Uganda. Kwa Waamba wa Bwamba, chini ya Milima ya Rwenzori, zaidi ya watu 4 kati ya kila 10 walikuwa na jeni hiyo. Kwa makabila mengine ya nchi hiyohiyo, aliyekuwa nayo alikuwa mmoja kati ya mia. Allison naye alikuta hali kama hiyo Kenya: wengi pwani, wengi kando ya ziwa, na karibu hakuna kwa Wakikuyu wa nyanda za juu na Wamaasai wa nyika.

Wataalamu wengi wa wakati ule walieleza tofauti hizo kwa nasaba: kabila hili limetoka huku, lile limechanganyika na wale. Allison alikuwa na faida ambayo wao hawakuwa nayo. Alikua Kenya. Alijua tangu utotoni kwamba pwani na ziwani ndiko kwenye malaria, na kwamba Gilgil kwenye baridi hakuna. Alipoziweka ramani mbili akilini, ya mbu na ya jeni, aliona zinalingana. Huenda mwenye jeni moja ya seli mundu anapona malaria inayomuua jirani yake.

Ilimbidi kwanza amalize udaktari. Mwaka 1953 alirudi. Nchini Uganda alipima watoto 290 wa Kiganda, na kukuta vimelea vya malaria kwa watoto 12 kati ya 43 wenye jeni, sawa na asilimia 28, na kwa watoto 113 kati ya 247 wasio nayo, sawa na asilimia 46. Kisha Nairobi akafanya jaribio zito zaidi. Wanaume 30 wa Kijaluo walijitolea kuambukizwa malaria chini ya uangalizi, 15 wakiwa na jeni na 15 wakiwa hawana. Kati ya wasio nayo, 14 walipata vimelea. Kati ya walio nayo, 2 tu. Baadaye walitibiwa. Jaribio la namna hiyo leo lingehojiwa vikali na kamati yoyote ya maadili ya utafiti, na ni haki lihojiwe. Vitabu vya kiada vinamtaja Allison kila ukurasa unapofika hapa; wanaume wale 30, walioingiza malaria mwilini mwao ili swali lipate jibu, havina jina lao hata moja.

Kwa mwaka uliofuata Allison alikusanya damu za karibu watu 5,000 wa makabila zaidi ya 30 ya Uganda, Kenya na Tanganyika. Ramani haikumwangusha. Penye malaria ya mwaka mzima, jeni ilikuwa nyingi hadi kufikia asilimia 40. Pasipo malaria, ilikuwa haba au haikuwepo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Ulikuwa mfano wa kwanza ulio wazi wa uteuzi wa asili ukifanya kazi kwa binadamu, kwenye jeni inayojulikana na kwa sababu inayojulikana. Charles Darwin alieleza nadharia hiyo mwaka 1859. Ushahidi wake kwa mwanadamu ulitoka kwa watoto wa Buganda, wanaume wa Kijaluo na wakulima wa pwani.

Mpaka hapo hakuna aliyejua kasoro yenyewe ni ipi. Mezani Cambridge, kwa mwanasayansi Max Perutz, palikuwa na himoglobini ya seli mundu iliyotoka kwa Allison. Mwaka 1956 mwenzake Vernon Ingram aliichukua. Aliikata kwa kimeng'enya cha tripsini, ambacho hukata mnyororo wa protini mahali maalumu tu, akapata vipande kama 30. Akavitandaza kwenye karatasi, kwanza kwa umeme halafu kwa kimiminika, hadi kila kipande kikatulia mahali pake kama doa. Akafanya vivyo hivyo kwa himoglobini ya kawaida. Madoa yote yalilingana isipokuwa moja.

Mwaka 1957 alikuwa ameshajua ndani ya doa hilo kuna nini. Katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, mahali panapopaswa kukaa asidi glutamiki, pamekaa valini. Basi. Asidi amino moja katika mnyororo wa 146. Baadaye, uandishi wa jeni ulipoanza kusomeka, ilionekana kwamba chanzo chake ni herufi moja ya DNA iliyobadilika, A ikawa T.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuonyesha kwamba badiliko la jeni hubadilisha asidi amino mahususi katika protini mahususi. Wanabiolojia walikuwa wakikisia hivyo. Ingram aliwapa ushahidi. Elimu ya vinasaba na elimu ya kemia, ambazo hadi hapo zilikwenda kila moja kwa njia yake, zilikutana kwenye himoglobini.

Ilibaki kuliona umbo. Perutz, mzaliwa wa Vienna, alifika Cambridge mwaka 1936 na mwaka uliofuata akaanza kupiga eksirei fuwele za himoglobini ya farasi. Miale ikipita kwenye fuwele hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, na madoa hayo, kwa hesabu ndefu, hueleza atomu zilivyopangika. Tatizo ni kwamba filamu huonyesha nusu tu ya habari inayohitajika. Perutz alikaa na fumbo hilo miaka 16, akikatizwa na vita. Mwaka 1940 Waingereza walimkamata kama raia wa nchi adui na kumsafirisha hadi Kanada, kisha wakamrudisha. Mwaka 1953 aligundua kwamba akipachika atomu nzito za zebaki kwenye himoglobini, tofauti ya madoa kabla na baada humpa ile nusu iliyokosekana. Mwenzake John Kendrew alitumia njia hiyo kuifumbua mayoglobini ya nyangumi, ambayo ni ndogo zaidi, na kuionyesha dunia umbo la kwanza la protini. Mwaka 1959 Perutz akapata la himoglobini. Ilikuwa imemchukua miaka 22. Wote wawili walitunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 1962.

Wengi wa watu hawa walikuwa wamefukuzwa au kufungwa kwa sababu ya asili yao. Perutz, Ingram na Lehmann walikuwa Wayahudi kwa asili, na Ingram na Lehmann walikimbia utawala wa Hitler. Itano alifungwa na serikali ya nchi aliyozaliwa. Kazi yao, pamoja na ya Allison, ilithibitisha kwamba jeni iliyodhaniwa kuwa alama ya rangi ya mtu ni alama ya malaria. Ipo pia India, Ugiriki, kusini mwa Italia na Uarabuni, mahali ambapo mbu waliwahi kutawala, na ni haba au haipo kwa Waafrika ambao mababu zao waliishi kwenye baridi au kwenye ukame.

Umbo lilipojulikana, maumivu ya mgonjwa nayo yakaelezeka. Asidi glutamiki hupenda maji, valini huyakimbia. Katika himoglobini ya seli mundu, valini hiyo imekaa nje ya molekuli, mahali pabaya kwa kitu kinachokimbia maji. Himoglobini ikiwa na oksijeni hakuna kinachotokea. Ikiiachia oksijeni, minyororo yake hujisogeza, umbo hubadilika kidogo, na juu ya molekuli jirani hutokea kishimo ambacho valini huingia na kujibanza. Molekuli ya kwanza hushika ya pili, ya pili hushika ya tatu, hadi zinajipanga kuwa nyuzi ngumu zilizosukwa kwa mistari 14. Nyuzi hizo husukuma ngozi ya chembe na kuipinda. Chembe iliyokuwa laini, iliyozoea kupenya kwenye mishipa myembamba kuliko upana wake, inakuwa ngumu na kukwama. Nyuma yake damu inasimama, na kila kinachotegemea damu hiyo, mfupa, bandama, figo au ubongo, kinakosa hewa. Chembe ya kawaida huishi siku 120. Hii huishi kati ya 10 na 20, ndiyo maana mgonjwa hana damu ya kutosha na macho yake ni ya manjano.

Kwa mwenye jeni moja, himoglobini ya kawaida huchanganyika na hiyo nyingine na kuzuia nyuzi zisijengeke. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe, hali hubadilika. Mwaka 1970 Lucio Luzzatto na wenzake wa Ibadan, Nigeria, walionyesha kwamba chembe zilizoingiliwa na kimelea hupinda upesi zaidi kuliko chembe jirani zisizo nacho, na chembe iliyopinda huondolewa na mwili pamoja na mgeni wake. Luzzatto baadaye alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam. Kilifi, pwani ya Kenya, Thomas Williams na wenzake walipima nguvu ya kinga hiyo kwa watoto na mwaka 2005 wakaripoti kwamba jeni moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Ni miongoni mwa kinga za kurithi zenye nguvu zaidi zinazojulikana dhidi ya malaria.

Malaria yenyewe haikukaa kimya. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2021, kwa kutumia damu za watoto wa Gambia na Kilifi, ulionyesha kwamba baadhi ya vimelea vina mabadiliko ya vinasaba yanayoviwezesha kuwapata hata wenye jeni ya seli mundu. Vita kati ya himoglobini na malaria inaendelea, na upande wa pili nao unajifunza.

Vita hiyo ni ya zamani. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba herufi ile ya DNA ilibadilika takriban miaka 7,300 iliyopita. Tangu hapo jeni imesafiri na watu. Ilisambaa na wakulima wa Kibantu kuelekea mashariki na kusini mwa Afrika. Ilivuka Atlantiki ndani ya meli za utumwa, na kwa njia hiyo ikafika Grenada na hatimaye Chicago. Ilivuka pia Bahari ya Hindi. Nchini Oman, wanasayansi wanaosoma DNA inayozunguka jeni hii wamekuta aina ya Kiarabu na Kihindi pamoja na aina ya Kibantu, urithi wa karne nyingi za biashara, utumwa na ndoa kati ya Muscat, Zanzibar na mwambao wote wa Waswahili.

Fumbo la kujikunja kwa protini nalo liliendelea kufumbuliwa mbali na malaria. Marekani, mwanasayansi Christian Anfinsen alichukua kimeng'enya kidogo chenye asidi amino 124, akakikunjua kwa kemikali hadi kikapoteza kazi yake, kisha akaziondoa kemikali. Kikajikunja chenyewe na kufanya kazi tena. Alihitimisha kwamba mpangilio wa asidi amino unatosha kuamua umbo, na mwaka 1972 akapewa Nobeli. Hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini ilipoanzishwa mwaka 1971 ilikuwa na maumbo 7 tu, himoglobini ikiwemo. Kutokana na hazina hiyo, iliyokua hadi maumbo zaidi ya laki moja, programu ya kompyuta iitwayo AlphaFold ilijifunza kukisia umbo kwa kusoma mpangilio peke yake, na kufikia mwaka 2022 ilikuwa imetoa makisio ya protini zipatazo milioni 200. Waliohusika, Demis Hassabis na John Jumper, walishiriki Nobeli ya Kemia ya mwaka 2024 pamoja na David Baker, anayebuni protini mpya. Kazi iliyomchukua Perutz miaka 22 sasa hukadiriwa kwa dakika.

Sasa linakuja suala la deni.

Kwa miongo mingi elimu hii yote haikumsaidia mgonjwa kwa lolote kubwa. Njia ilitokana na jambo aliloliona daktari Janet Watson wa Brooklyn mwaka 1948: watoto wachanga wenye seli mundu hawaugui miezi ya mwanzo, kwa sababu bado wana himoglobini ya tumboni, ambayo haitumii mnyororo wa beta. Dawa yoyote itakayoirudisha himoglobini hiyo itamlinda mgonjwa. Haidroksiyurea, kemikali iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869 na kutumiwa baadaye kutibu saratani, ilionekana kufanya hivyo, na Marekani ikaiidhinisha kwa wagonjwa watu wazima mwaka 1998.

Afrika ilisubiri miaka 20 zaidi ili ithibitishwe kwamba dawa hiyo ni salama kwa watoto wanaoishi na malaria. Utafiti uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, kwa watoto 606, ulitoa jibu mwezi Desemba 2018. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria ilipungua kwa nusu. Haja ya kuongezewa damu ilipungua kwa theluthi mbili, na vifo vikapungua pia.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri jeni za mgonjwa ili mwili wake utengeneze tena himoglobini ya tumboni. Inaitwa Casgevy. Bei yake iliyotangazwa Marekani wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Tanzania peke yake huzaa watoto wapatao 11,000 wenye seli mundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani, pamoja na Nigeria, India na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwaandikisha na kuwafuatilia maelfu ya wagonjwa, na kuijenga kliniki yao kuwa moja ya vituo vikubwa vya utafiti wa ugonjwa huu. Kazi hiyo imeonyesha jambo la wazi: mtoto akigunduliwa mapema, akapewa penisilini, chanjo, kinga ya malaria na haidroksiyurea, anakua, anasoma, anafanya kazi. Asipogunduliwa, makadirio yanayonukuliwa mara nyingi kwa Afrika ni kwamba nusu ya watoto hao au zaidi hawafiki umri wa miaka 5.

Kipimo ni tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga. Hakihitaji mashine ya mamilioni, na dawa inayofuata imekuwepo tangu karne ya 19. Elimu kuhusu himoglobini ilijengwa kwa damu iliyotolewa bure Bwamba, Kampala, Nairobi, Kilifi na kando ya Ziwa Victoria, na watu wa maeneo hayo ndio wanaostahili kufaidika nayo kwanza. Serikali za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ziweke kipimo hicho katika huduma za kila mtoto anayezaliwa, na haidroksiyurea katika kila hospitali ya wilaya. Na vijana wanaopanga kuoana, hasa wa pwani na wa ziwani, wakapime kabla hawajazaa, ili wajue mapema wanachoweza kumrithisha mtoto wao.